Kwa Nini Sikuja Kumzika Mama

Hosteli ya wagonjwa, Dar es Salaam

Kaka Yohana,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wifi na watoto hapo Iguguno? Alizeti mmemaliza kupiga? Mimi naendelea. Ngozi ya kifuani imeungua kidogo, lakini chakula nakula.

Nimekupigia simu wiki nzima hupokei, ndiyo maana nimeandika. Barua nimempa dada niliyelala naye chumba kimoja, amemaliza matibabu anarudi Singida. Nimesikia uliyoyasema msibani mbele ya watu, kwamba huna tena mdogo wako, maana mtu gani anaacha mama yake azikwe na majirani. Umeniumiza, kaka. Lakini siwezi kusema umekosea kukasirika.

Sikuzuiwa na mtu. Uliponiambia presha imemchukua mama, nilifunga begi palepale, nikaenda kumuaga daktari. Akanipa pole. Halafu akasema nikisafiri nitakosa siku nne za mionzi, na kama kuna ugonjwa uliobaki baada ya upasuaji, huo hausubiri mtu. Akasema uamuzi ni wangu. Nikakaa kwenye benchi nje, nikawawaza wanangu wawili ulionao hapo, nikarudi chumbani nikafungua begi. Nilichagua mwenyewe.

Sasa nikueleze usichokijua. Titi lililokatwa ni la kushoto, na moyo uko hapohapo chini yake. Kwa hiyo wamenifundisha kuvuta pumzi na kuishika, maana kifua kikijaa, moyo unasogea mbali kidogo na mionzi. Nalala chali, mkono juu ya kichwa, wanalinganisha mistari waliyonichora kifuani na mwanga wa mashine, kisha wanatoka wote. Nabaki na sauti ya spika tu, vuta, shika. Kifua kikicheza, mashine inajizima yenyewe. Na huo mkono usingefika kichwani bila mama. Nilipotoka kwenye upasuaji ni yeye aliyekuwa ananisimamisha ukutani kila asubuhi, ili vidole vipande ukuta kidogo kidogo, anahesabu kwa Kinyiramba, nikilalamika anaanza upya.

Siku ya mazishi zamu yangu ilikuwa saa nane mchana, saa ileile mliyopanga kumshusha kaburini. Nikavuta pumzi, nikashika, nikamwona mama. Kifua kikatetemeka, mashine ikazima. Tukarudia, ikazima tena. Ndipo mtaalamu wa mionzi, binti mdogo tu, akaingia akanishika bega.

"Dada, najua una msiba," akasema. "Lakini ukilia pumzi inatoka, moyo unarudi pale tunapopiga. Nakuomba dakika hizi chache usilie."

Sikulia, kaka. Mlikuwa mnamfukia mama yangu, na mimi nimelala nimeshika pumzi, namfukuza kichwani asije. Hilo linaniuma kuliko maneno yako yote. Na tangu siku ile machozi yamegoma. Jioni wenzangu wa hosteli walinikalia matanga, wakaimba, wakalia wao, mimi macho makavu. Ulipopiga baada ya maziko nikakujibu kama mtu anayeuliza bei ya mahindi, ukaniuliza kama nina roho. Hata mimi nilikuwa najiuliza.

Zimebaki siku sita. Nisalimie wifi, na shangazi anayewaogesha wanangu, na mzee wa kanisa aliyeongoza ibada, mwambie nimeshukuru. Wanangu waambie mama yao anakula vizuri.

Nitakaposhuka kwenye basi, nakuomba uje kunipokea wewe, hata kama bado una hasira. Tusianzie nyumbani. Nipeleke kwa mama, ukae pembeni. Nikianza kupiga kelele, watu watakuja, watasema huyu naye ndiyo analia leo. Waache waseme. Wewe usininyamazishe.

Mdogo wako,
Naomi