Darsa Iliyonyamaza Ndani ya Kanga

Jumamosi, 18 Januari 2025. Asubuhi kuna mawingu, kaskazi inavuma kidogo.

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo nililolizua mwenyewe. Ninatengeneza programu za simu hapa Mji Mkongwe, na mwaka jana nilitengeneza moja ya darsa za sauti za kuhifadhi Qur'ani kwa ajili ya kina mama wanaolima mwani baharini kule Jambiani, ambao huifunga simu kwenye kanga kiunoni wakasikiliza huku mikono inafunga mwani, na wallahi nawastaajabia, kwani Bi Sichana, mwenye miaka sitini na mbili, amekaribia kumaliza juzuu nzima akiwa ndani ya maji, na anataka kumsomea mwalimu wake kabla ya Ramadhani. Mwezi uliopita kile kicheza sauti cha simu, ambacho programu yangu inakitegemea, kilisasishwa na wenyewe huko waliko bila ya kutuuliza sisi, nami nikajaribu kazi yangu juu ya meza, kioo kinawaka, nikawaandikia kina mama "salama, sasisheni", kumbe toleo jipya linakata sauti kioo kikizimika, na Bi Sichana akanipigia: "Mwanangu, hii simu imeingiwa na haya? Nkiitia kangani tu, kimya!" Nikacheka, kisha nikaogopa, nikawaambia wote wasikubali tena kusasisha kitu chochote, bila ya kusema kwamba mimi sikupima vizuri, wakanitii, na sasa nimeiandika upya programu kwa siku kumi na moja, inasema vizuri, lakini lazima waisasishe, na kila ujumbe wa kuwataka wasasishe unaotoka kwenye programu wanaujibu: "Tapeli we, Nasima mwenyewe katukataza!" Kuwapigia naona aibu, na nikisema nilikosea, nani ataniamini tena? Jana nilipata usingizi saa saba kasorobo.

Nasima, Mji Mkongwe

Nasima,

Watu usiowajua wamekuvurugia kazi, nawe ukakaa siku kumi na moja ukaijenga upya. Kwa hilo nakuvulia kofia. Lakini ulipowakataza wenzako ili kufunika ulichoshindwa kukipima, hapo ulikosea, na unajua.

Watazame basi walivyofanya. Walikusikia, wakaambizana, wakamfukuza tapeli. Watu makini namna hiyo ndio unaowakimbia? Hawatakuacha kwa neno "nimekosea". Watakuacha Bi Sichana akizisahau aya alizozipata kwa tabu, na wewe umekaa mjini unaona haya.

Usipige simu. Nenda Jambiani wiki hii, maji yakiwa yamejaa na wao wako majumbani. Sema mbele ya wote kwamba uliwakataza wewe na kosa ni lako. Zisasishe simu moja moja, na usiondoke mpaka kila mmoja ameifunga yake kiunoni na kusikia darsa nzima. Tena kuanzia sasa, kila toleo jipya likae kwa Bi Sichana siku saba kabla ya kumfikia mwengine. Yeye akisema bado, ni bado.

Ukifika kwake, shikamoo kwanza. Habari ya simu uianze akishakukaribisha ndani.