Mji Wako wa Voronezh, Baba

Walthamstow, London
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Kamwene, na shikamoo. Dada Upendo akusomee barua hii polepole, akiwa upande wa sikio lako zima, maana kwenye simu unaniitikia "ndiyo, ndiyo" nami najua hujasikia kitu. Miguu inaendeleaje na baridi ya Njombe? Na Mama, ameacha kweli kubeba ndoo za maji, au ananidanganya? Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako Rehema ameshanipita urefu. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ila jibu linatoka kwa Kiingereza.

Leo nakuandikia habari za Voronezh. Najua hapo umeshajiweka sawa kwenye kiti.

Unakumbuka tulivyokuwa tunatoroka mmoja mmoja ukianza kusimulia mji ule wa Urusi ulikosomea kilimo? Kila ukishika udongo wetu mwekundu ulisema wa Voronezh ni mweusi kama masizi, eti hata mpini wa jembe ukiuchomeka unaota. Ukatuambia mji una bahari. Nikaenda kuyasema darasani, mwalimu akafungua ramani mbele ya wote, bahari haikuonekana, nikachekwa mwaka mzima. Nilikununia siku nyingi, nawe hukujua sababu. Nisamehe, Baba.

Mwezi wa pili, wakala wangu wa kazi za kuhudumia wazee alinipeleka kwa bibi mmoja hapa hapa Walthamstow, nyuma ya barabara ya soko. Anaitwa Galina, ana miaka themanini na minane. Alikuwa amepata kiharusi, na alipozinduka, Kiingereza chote alichokuwa anakisema kilikuwa kimepotea, kimebaki Kirusi tu. Wahudumu wanne walishamkimbia. Alikuwa anatema chakula, anarusha vijiko, na mmoja wao aliondoka na alama za meno mkononi. Mwanawe wa pekee, Mikhail, alinifungulia mlango macho yakiwa mekundu.

"Wiki ijayo anakuja ofisa wa ustawi wa jamii," akaniambia. "Kama mama bado hali chakula, watampeleka kwenye makao ya wazee. Huko hakuna anayejua hata neno moja la Kirusi. Atakufa akidhani amefungwa jela."

Siku mbili za kwanza alinishinda na mimi. Siku ya tatu nimekaa na bakuli la supu, mkono umechoka, nimeshaanza kufikiria namna ya kumwambia wakala kwamba nimeshindwa, mara nikasikia mdomo wangu unasema, "Kushai, bibi. Kushai, kushai."

Neno lako, Baba! Lile la kutuhimiza tule, mezani, tukisusa ugali. Miaka yote tulidhani ni Kibena cha kwa babu.

Bibi Galina aligeuza shingo akanitazama muda mrefu. Kisha akafungua mdomo. Alikula bakuli zima. Nilipokuwa namwinua kumpeleka kitandani nikajaribu la pili, lile la polepole ulilokuwa unalisema ukishikilia baiskeli nyuma yangu nisianguke: "Potihonku, potihonku." Akacheka. Ni nusu tu ya uso iliyocheka, ile nyingine haikuweza, lakini alicheka.

Mikhail aliporudi kutoka kazini, mama yake akamwambia maneno mengi kwa mkupuo.

"Anauliza Kirusi umekitoa wapi," Mikhail akasema.

"Kwa baba yangu. Alisoma Voronezh."

Akaweka begi chini. "Voronezh? Mama amezaliwa Voronezh."

Urusi ilivyo kubwa, Baba, nami nimeangukia kwa mtu wa mji wako! Nilitoka mle ndani nikalia kwenye kituo cha basi, tena kilio cha furaha.

Ofisa alipokuja, nilimlisha bibi mbele yake. Hakutema hata tone. Yule ofisa akaandika, akafunga faili, akasema, "Abaki nyumbani miezi mitatu, tuone." Sasa ni mwezi wa tisa na bado yuko nyumbani kwake. Kiingereza kinamrudia vipande vipande. Jumamosi namsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi sokoni, anachagua kabichi na bitruti mwenyewe, akiziminya zote mpaka wauzaji wanamkodolea macho.

Jumapili Mikhail yupo, hutafsiri, na mimi ndiyo nasikia yale niliyokuwa nayakimbia utotoni. Kumbe mfalme wao Petro kweli alijengea pale meli za vita, na bahari yenyewe iko mbali kabisa, zikateremshwa kwa mto. Kumbe wakati wa vita kuu mto ulikuwa ndiyo mpaka, Wajerumani ng'ambo hii, Warusi ng'ambo ile, miezi mingi, mpaka mji ukawa vifusi. Bibi Galina alikuwa mtoto mdogo. Yeye na mama yake walifukuzwa na Wajerumani, na waliporudi walikuta nyumba imebaki ngazi tu, ngazi zinazopanda kwenda hewani. Waliishi chini ya ardhi, kwenye stoo ya viazi. Mama yake alikuwa akitoka kiwandani anakwenda kubeba matofali, na jirani yake vilevile, na mwalimu, na daktari. Mji wote ulijengwa upya hivyo, na watu waliochoka.

"Ndiyo maana hatuchekicheki ovyo," akasema. "Mtu akikutabasamia barabarani Voronezh, jiulize anataka nini. Lakini akikukaribisha jikoni kwake, utakula mpaka ushindwe kusimama."

Nikamuuliza habari za bahari. Akasema ni bwawa, waliziba mto katikati ya mji, na wenyewe wanaliita bahari. Kwa hiyo hukutudanganya.

Halafu akaniuliza, "Baba yako, walimpiga?"

Nikasema, "Nani ampige?"

"Vijana wetu wengine walikuwa wakiwavizia wanafunzi wa Kiafrika. Niliona mmoja anatokwa damu kwenye theluji, nikapita. Nilikuwa na mtoto mkononi, niliogopa. Hakuwa yeye, labda. Lakini muulize."

Wewe ulituambia udongo, supu na nyimbo tu.

Baba, nimewaza sana, nikaona hata mimi nimekufanyia hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nakwambia London ni nzuri, watu ni wazuri. Sikukuambia chumba changu kilivyokuwa na ukungu mpaka kwenye godoro. Sikukuambia kuhusu mzee aliyenimwagia chai, akasema mikono myeusi isimguse, nami nikamaliza zamu nzima nguo zikiwa zimelowa kwa sababu sikuwa na nyingine. Nilikuchagulia yale ya kukufurahisha. Sasa najua nilikojifunza, na sikulaumu. Ulirudi na maneno mazuri peke yake ukatupa sisi, na mawili kati ya hayo yamemweka mtu nyumbani kwake. Asante, Baba. Asante sana.

Msalimie Mama, umwambie sweta alilonifumia ndilo ninalovaa kazini. Msalimie shemeji fundi cherehani, na shangazi Agnesi wa viazi sokoni, na mchungaji wetu aliyenisindikiza mpaka stendi. Dada Upendo, wewe unayesoma, asante kwa kukaa nao.

Likizo nimepata, tunakuja Desemba na Rehema. Tutakaa wawili, mimi na wewe, unisimulie Voronezh yote, na ile uliyotuficha. Mimi nitakusimulia London yangu. Itabidi nipaze sauti ili unisikie, na majirani watasikia. Wasikie tu.

Binti yako anayekupenda,
Edina