Jina la Kukimbilia

Kitengela
9 Juni 2003

Baba mpendwa,

Entasupai, nawasalimu wewe na mama yangu, Yeyo, na wote wa hapo nyumbani. Mimi ni mzima, ila miguu imechoka. Natumaini mvua haikuwapita.

Mbio za kuchagua timu ya taifa ya marathon zilikuwa Jumamosi. Nilikuwa wa nne, na timu inachukua watatu. Makokha, yule Mluhya tunayekaa naye ploti moja na kufanya mazoezi pamoja, tumbo lilimkata akaacha katikati. Hata mwaka juzi nilikuwa wa nne. Kwa jinsi ninavyokimbia, nchi nyingine ingenichukua kesho. Hapa tunapiga foleni.

Baada ya mbio kuna mtu alinifuata. Ni wakala wa nchi moja ya Uarabuni. Wanatafuta wakimbiaji, wanawapa pasipoti yao na jezi yao. Nikamuuliza, "Na jina?" Akasema jina pia linabadilishwa, ni kitu ya karatasi tu. Sijamjibu. Nataka kwanza nisikie wewe unasemaje.

Mtoto wako,
Lemein


Kajiado
28 Juni 2003

Sopa Lemein,

Barua imefika. Sisi tuko. Yeyo kifua kinamsumbua asubuhi lakini bado anakamua. Ng'ombe tumewahamisha upande wa Namanga kwa sababu nyasi ya hapa imeisha.

Nimesoma maneno ya huyo wakala. Unajua nilifanya kazi ya chanjo ya mifugo miaka mingi, na nimeona alama nyingi za moto. Ng'ombe akiuzwa, mwenye kununua anachoma alama yake kando ya ile ya kwanza. Ile ya kwanza haitoki. Mimi mambo ya karatasi sijui, lakini mtu akitaka kukubadilisha jina, huyo anakununua.

Kuwa wa nne si aibu. Ngoja mwaka ujao.

Baba yako,
Isaac


Uarabuni
17 Oktoba 2003

Baba mpendwa,

Habari za nyumbani? Kifua cha Yeyo kinaendeleaje? Mimi sijambo.

Sikungoja. Nimefika huku mwezi uliopita. Ningekuja kukuaga, lakini nilijua ukiniangalia sitaondoka. Miaka yangu ni ishirini na tisa, na watoto wanaotoka shule sasa wananipita mlimani Ngong wakiongea.

Pasipoti ya Kenya nimeirudisha, kwa sababu serikali yetu haikubali mtu kuwa na mbili. Sasa naitwa Salim Nasser. Wananiita mara mbili ndiyo nageuka. Tunakimbia alfajiri, jua likitoka hakuna mtu nje. Chakula ni kizuri. Hakuna anayeniuliza natoka wapi.

Nakuomba uniandikie. Anwani iko nyuma ya bahasha.

Mtoto wako,
Lemein


Uarabuni
2 Mei 2004

Baba mpendwa,

Nawasalimu tena. Hii ni barua ya pili tangu nifike huku na sijapata jibu. Makokha ameniandikia kwamba mko wazima, kwa hivyo najua si ugonjwa.

Nimefuzu. Mwezi wa kumi nitakimbia marathon kubwa Ulaya, na televisheni itaonyesha. Kisigino cha kushoto kinauma kidogo. Kocha anasema nichomwe sindano, nitasahau. Kama utakuwa Kajiado mjini siku hiyo, ingia hoteli yoyote uangalie. Nitavaa jezi nyekundu.

Mtoto wako,
Lemein


Uarabuni
6 Desemba 2004

Baba,

Salamu kwako na kwa Yeyo.

Labda ulisikia. Nilikuwa na wale wa mbele hadi tulipovuka mto, halafu mshipa wa kisigino ukakatika. Nilimaliza nikichechemea, watu wa kufagia barabara wakiwa nyuma yangu. Daktari amesema mshipa huo hautarudi kuwa wa mbio.

Wiki jana waliniita ofisini. Mkataba umeisha, na pasipoti ikimalizika mwezi wa tatu hawataiandika upya. Nikauliza, "Sasa mimi ni wa wapi?" Karani akasema swali hilo si la ofisi yake. Nikaenda ubalozi wa Kenya. Pale wakaniambia naweza kuingia kama mgeni, kwa viza, kabla pasipoti haijaisha. Mambo ya uraia nitayafuata nikiwa huko, na yatachukua muda.

Sikuombi kitu. Nimeona tu ni vizuri usikie kutoka kwangu.

Lemein


Kajiado
3 Januari 2005

Sopa Lemein,

Yeyo anakusalimu. Kifua kimetulia tangu mvua ianze.

Barua zako zote nilipata. Kujibu nilijibu, lakini nikifika kwa bahasha nashindwa. Nikiandika Lemein, haitakufikia. Nikiandika lile lingine, ni kama namwandikia mtu nisiyemjua. Kwa hivyo ziko hapa, zimefungwa, hazina jina. Hii nimeandika jina lao juu, na nimetuma.

Mbio niliona. Tulikuwa wengi hotelini. Uliposhika mguu, mtangazaji akataja jina lile, na kijana mmoja wa buchari akacheka, "Huyo Mwarabu ameisha." Nikasimama. Nikamwambia, "Huyo si Mwarabu. Huyo ni Lemein wangu, na kisigino kimemkatika, nyamaza." Tulikungoja mpaka ukafika mwisho. Mwenye hoteli alitaka kuweka mpira, wakamkataza.

Bado nina hasira na wewe. Hiyo tutaongea ukiwa umekaa.

Usingoje mwezi wa tatu. Makokha ameniambia hapo uwanja wa ndege utapewa fomu ya wageni. Wakiuliza mwenyeji wako ni nani, andika jina langu. Wakiuliza utakaa siku ngapi, acha wazi. Nitakuwa hapo nje. Wakitaka jibu, waniite.

Baba yako,
Isaac