Mjomba Apeleka Kesi Kasulu

Murungu, Kibondo
4 Machi 2024

Mpwa wangu Divine,

Amahoro! Kikohozi chako kimekwisha? Huku wazima, mihogo imekubali, na mimi bado ndiye dume la Murungu. Naandika kwa sababu simu imeungua. Fundi anasema sauti yangu ilikuwa na nguvu kuliko betri.

Sasa nikuambie. Yule Fidele aliyempakia mwanangu Emile kwenye pikipiki akiwa amelewa, wakaanguka, Emile akafa, yeye akainuka anapangusa suruali, ametoka jela. Anauza dagaa gulioni. Anacheka! Mimi silali. Nikifumba macho nasikia pikipiki inakuja. Basi nimenoa panga. Gulio la kwanza baada ya Pasaka, atapita kwenye migomba ya kanisa. Mimi nitakuwa nimeshafika.

Usimwambie mama yako.

Mjomba wako,
Reverien

*

Kasulu
8 Machi 2024

Mjomba shikamoo,

Kikohozi kimekwisha, mama anakusalimu, sijamwambia. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Hapa hospitali ninapofua mashuka yupo mtaalamu wa saikolojia, dada Nadège. Hatumii sindano wala vidonge. Mnakaa chumbani, mlango umefungwa, unamweleza yanayokula moyo, yeye anasikiliza na kuuliza, halafu unarudi tena wiki nyingine. Mama mmoja wa kijiji cha Titye alikuwa haingii nyumbani kwake kwa hofu. Leo anaingia, anapika.

Emile alikuwa kaka yangu. Ukimkata Fidele, atakuwa ametuondolea watu wawili. Njoo kabla ya Pasaka, mjomba. Nakupigia magoti.

Mpwa wako,
Divine

*

Murungu
28 Machi 2024

Mpwa wangu,

Salamu, na asante kwa chai ya stendi nilipokuja huko. Lakini Divine, umeniaibisha! Uliandika nitaeleza mambo yangu mbele ya mtu wa kusikiliza. Mimi nikajua ni baraza. Ndiyo maana nilibeba dumu la pombe ya ndizi kwa ajili ya wazee wa kuamua, na jirani yangu mzee Niyonsaba awe shahidi, kavaa koti la harusi. Kufika, kabinti kamoja! Wazee wako wapi? Shahidi kaachwa nje na pombe, kaimaliza.

Hata hivyo nilishtaki. Nilishtaki mpaka ukuta ukaniunga mkono. Nikasubiri hukumu. Unajua aliniuliza nini? "Baba, na wewe unalalaje?" Mimi! Nimemshtaki Fidele, nahojiwa mimi!

Hapo nikaona ujanja wenu. Mtanipooza, nitoke pale nikampe Fidele mkono. Hasira hii ndiyo kitu cha Emile kilichobaki nyumbani kwangu. Ikiondoka, nani atasimama upande wake? Nikainuka. Panga nimelinoa tena, upande wa pili.

Mjomba wako,
Reverien

*

Kasulu
30 Machi 2024

Mjomba shikamoo,

Mgongo haujambo, baada ya basi lile? Kosa ni langu, sikukueleza vizuri. Dada Nadège hahukumu. Hamtetei Fidele, na hajasema umsamehe. Hasira ni yako, Emile ni wako, hakuna atakayekunyang'anya.

Nikuambie ambacho hata mama hajui. Baada ya mazishi nilikwenda kwa dada Nadège mimi mwenyewe. Nilikuwa nikisikia pikipiki nakaa chini, popote, hata katikati ya barabara. Bado namchukia Fidele, mjomba. Namchukia vizuri kabisa. Ila sasa navuka barabara.

Kama kabinti kanakuudhi, Kibondo mjini yuko mwenzake, Cadet, mwanaume wa makamo kama wewe. Huwa yupo Jumanne, kabla ya gulio. Nenda peke yako, bila dumu.

Niandikie. Gulio likipita kimya sijui nitamwambia nini mama.

Mpwa wako,
Divine

*

Murungu
21 Aprili 2024

Divine mpwa wangu,

Amahoro, na pole kwa kukuweka roho juu. Fidele yu hai, kwa bahati mbaya.

Nilikwenda kwa Cadet. Nililia, Divine. Kilio cha dume: Kibondo nzima walidhani tetemeko, duka la mabati likafungwa. Cadet akanisogezea maji tu. Siku ya gulio nilikaa mlangoni, nimeshika magoti yangu kwa mikono yote, mpaka watu wakarudi na vikapu. Panga lilikuwa ndani. Liliniita, nikaliacha liite.

Sasa sikia utamu. Murungu wameona kila Jumanne nafungiwa chumbani na mwanaume mgeni, natoka macho mekundu, siongei. Wakasema yule ni mganga, Reverien anatengeneza kitu! Fidele kasikia. Gulioni haji tena. Juzi kamtuma mkewe, Providence, kasimama mbali kabisa: "Baba Emile, mume wangu unamfanyia nini?"

Nikamjibu ukweli mtupu: "Naongea tu."

Alikimbia akaacha kandambili!

Cadet hakucheka. Kasema nimtoe Fidele hofu, halafu kaniuliza itakuwaje siku utamu huu ukiisha. Nikamwambia siku hiyo tutaiongelea ikifika, asinikimbize. Kasema sawa, atanisubiri.

Jana nililala mpaka jua likanikuta kitandani, mambo ya watoto. Kutoka nje, nikaona kwa Fidele, ng'ambo ya migomba, taa ya usiku bado inawaka, mchana ule, kama kwa mtu asiyelala. Nilisimama nikaitazama, Divine, uji ukapoa.

Jumanne nakwenda tena.

Mjomba wako,
Reverien