Nyongeza ya mawese

Kasongo, Alhamisi

Leo wakubwa wa makampuni wametuhoji mbele ya kamera, sisi tuliobaki katika shindano la biashara la televisheni. Kesho watamtaja mshindi, naye atapewa mtaji. Bila huo mtaji sina duka la mafuta ya mawese, nabaki karani.

Mmoja wao, mama mwenye miwani, alisoma mpango wangu, akacheka.

"Kila mutu anayenunua unamuongezea mafuta ya bure? Karani muzima, hauone hasara?"

"Mama, huku sokoni usipoongeza kidogo, mutu anachukua chupa yake, anaenda kwa jirani."

"Ondoa nyongeza, nitakuunga mkono. Ao uko na kichwa nguvu, hausikie mutu?"

Nilikaribia kukubali. Ninaogopa kushindwa, kisha Jumatatu ofisini wanicheke... Lakini wanunuzi wangu, hao ninaowauzia sokoni mwisho wa juma, nawajua. Wakinikimbia, mtaji wenyewe utanisaidia nini? Nikasema siondoi. Nilisema kwa sauti ndogo, sidhani kama wengine walisikia.

"Lala ufikiri," akaniambia. "Kesho nitakuuliza tena mbele ya wote."

Nimefikiri. Aulize. Nitajibu vilevile, na safari hii hata walioketi nyuma watanisikia.