Mbegu za Nyani

Jumanne

Eti mbegu za nyani ndizo zimenifunga kizazi! Mama mkwe kayasema hayo leo dukani kwetu Kariakoo, mbele ya wateja. Mume wangu alikuwa palepale anakunja vitenge, akaendelea kukunja.

Asubuhi kazini kwangu, maabara ya wanyama, tulimchoma nyani dume sindano ya usingizi, tukamtoa mbegu. Kwenye hadubini nikaziona hai, zinakimbia. Nikaandika: nzuri. Mimi nimeshapima kila kitu, sina tatizo. Miaka yote namsihi mume wangu naye apeleke mbegu zake hospitali, ananijibu mwanaume kamili hapimwi. Mama yake hajui hilo, na mimi ndiye ninayetukanwa.

Jioni mume wangu kaniuliza kwa kejeli, "Nyani wako hajambo?"

"Hajambo. Yeye kapimwa."

Chakula hakumaliza.