Kusubiri Hakulinganishi Joto

Utemini, Singida
2 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Peniel,

"Dada, kitu cha moto na cha baridi ukiviacha, joto hulingana lenyewe. Mwache kaka Manase, muda utafanya kazi yake." Umeandika hivyo wewe, mwalimu wa fizikia!

Marahaba. Natumaini homa imekuachia, na mkeo Eliana hajambo huko Mtwara. Mimi presha bado iko juu, naendelea na dawa. Sasa nikujibu.

Muda haufanyi kazi yoyote. Chembe za gesi hufikia joto moja kwa sababu zinagongana: yenye kasi hutoa, ya polepole hupokea, tena na tena, mpaka huwezi kujua joto lilianzia wapi. Zikipishana bila kugusana, ngoja miaka mia. Yenye kasi itabaki na kasi yake.

Nimesoma pia juu ya watafiti waliounganisha chembe kwa springi ndani ya kompyuta. Walitarajia nishati isambae kote. Ikasambaa kidogo, kisha karibu yote ikarudi ilikoanzia. Hata kuunganishwa hakukutosha. Ninyi mmeunganishwa na tumbo moja, na tazama.

Kosa ni langu. Ulipooa Dodoma bila kumwambia kaka yako, mkanuniana, nami nikapanga zamu: Manase aende kwa mama Krismasi, wewe Pasaka. Nikaiita amani. Miaka sita hamkugongana hata mara moja.

Mama aliona. Wiki yake ya mwisho pale nyumbani Mungaa aliniuliza, "Yasinta, wanangu wamekuwa walinzi wa godauni? Mmoja haingii mpaka mwenzake atoke?" Nikacheka. Sasa hayupo wa kujibiwa.

Hata mazishini nilipanga: Manase abebe jeneza mbele, wewe nyuma. Mkamzika bila kutazamana. Peniel, bado nalia.

Fundi Hosea atalijengea kaburi Jumamosi, tarehe 28. Mchanga umeshafika.

Shangazi Cecilia na binti yangu Martha wanakusalimu. Mungu aitunze nyumba yako.

Barua hii nimemnakilia Manase neno kwa neno, kwa hiyo nasema nanyi wote wawili. Fikeni Mungaa siku hiyo, saa moja asubuhi. Mmoja achanganye zege, mwingine atie maji. Gombaneni, pigeni kelele, nitawavumilia. Ila atakayengoja mwenzake aondoke ndipo aje, nitamrudisha stendi mwenyewe.

Dada yenu, ninayewapenda na kuwakasirikia,
Yasinta